Fahali Hana Breki

Kazi zote za gari mtu anaweza kuzifanya peke yake, mradi awe na kichwa kigumu. Injini ataishusha kwa mnyororo, bodi ataigonga mpaka inyooke, rangi atapiga amejifunga kitambaa puani. Lakini kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Mmoja anakaa juu, mguu kwenye pedali. Mwingine analala chini, spana mkononi, kwenye skrubu ndogo iliyojificha nyuma ya gurudumu. Wa chini anasema, "Shika!" Wa juu anakanyaga, anajibu, "Nimeshika!" Hapo wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka pamoja na upepo wake, anafunga, anasema, "Achia!" Wa juu akiachia kabla hajaambiwa, upepo unanyonywa ndani tena na kazi yote inarudi mwanzo. Ndiyo maana fundi mwenye akili zake hamkabidhi mguu huo mtu asiyemwamini.

Fundi Grisi alikuwa na gari, alikuwa na spana, alikuwa na chupa ya mafuta mapya. Mguu ndio hakuwa nao. Miguu yake mwenyewe ilikuwa chini ya gari pamoja naye.

Gari lenyewe mtaa mzima ulikuwa unaliita Fahali. Milango miwili tu, pua ndefu kama ahadi za mchumba, nyuma pana, na chini ya boneti injini ya silinda nane. Lilipoletwa uani lilikuwa linavutwa kwa kamba, maiti. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kuku wakawa wanaingilia chini na kutagia kiti cha nyuma. Sasa ukilitazama ungesema limetoka kiwandani juzi. Sakafu mpya, kachomelea mwenyewe kipande kwa kipande. Rangi ya kijani iliyoiva kama chupa. Bampa kaisugua kwa majivu mpaka ikawa inaonyesha mtu mvi zake. Viti vimevalishwa ngozi nyeusi na mama mwenye cherehani wa ng'ambo ya barabara. Injini ilikuwa imeshawaka. Ilipowaka mara ya kwanza, vikombe vilicheza kabatini. Na Grisi alisimama pale uani, kifua kimejaa, akageuka kutafuta wa kumpiga bega. Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo, haina nguo.

Usidhani uani pale palizaliwa pakavu. Enzi hizo ilikuwa ukitema mate yanaangukia mtu. Walikuwepo madereva wenye magari mabovu, madereva wenye magari mazima waliokuja kusikia habari tu, wauza vipuri, wapita njia waliosimama dakika moja wakaondoka jua linazama. Mke wa Grisi alikuwa anainjika sufuria kwa ajili ya watu ambao hata majina hakuwajua. Na juu ya makelele yote hayo kulikuwa na sauti ya shemeji yake Grisi, kaka wa mkewe, ambaye watu walimbatiza Koromeo. Jina halikuwa la bure. Mtu yule alikuwa hapigi simu. Akimtaka mtu wa mtaa wa pili, alikuwa anasimama getini anamwita, na mtu anakuja. Ukiwa ndani ulikuwa unajua Koromeo anakuja akiwa bado kule kwenye kona, maana kicheko kilikuwa kinamtangulia kama mbwa.

Koromeo ndiye aliyelikuta Fahali limetupwa nyuma ya ghala. Ndiye aliyepigania lipewe wao. Na kwenye breki za magari yote yaliyopita uani pale, Koromeo ndiye aliyekuwa mguu. Grisi chini, Koromeo juu. "Shika!" "Nimeshikaaa!" Watoto wa jirani walikuwa wanaigiza wakicheza.

Sasa sikia kilichowagombanisha. Injini ya Fahali ilikuwa bado imefumuliwa, vipande vimelala juu ya gunia, wakati Koromeo alipojinyoosha akasema, "Siku akiwaka huyu, wa kwanza kuendesha ni mimi."

"Nani kakudanganya?" Grisi akamwuliza.

"Kwani nani kamkuta?"

"Na nani anamfufua?"

"Tunamfufua wote, shemeji!"

Wamegombania mtoto na mimba haijatungwa. Ingekuwa wako wawili wangecheka wakaendelea na kazi. Lakini uani palikuwa pamejaa, na hadhira ikikaa vizuri haitaki mchezo uishe. "Mwambie!" wakasema huku. "Usikubali!" wakasema kule. Basi Grisi, akitafuta neno la kuwafurahisha watu, akalipata.

"Wewe kazi yako ni kukanyaga tu. Mguu! Hata ng'ombe anayo minne."

Uani pakalipuka. Kuna mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Koromeo, ambaye alikuwa anacheka hata msibani kama hukumwangalia, hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akaliweka tambara juu ya boneti, akatoka. Baada ya siku chache wakasikia amehamia mji mwingine. Grisi alisubiri arudi, hakurudi, na kiburi kikamwambia cha kusema. Akiwa mezani na mkewe akasema, "Jina la yule mtu lisitajwe nyumbani mwangu."

Mkewe akaendelea kupakua. Halikutajwa.

Baada ya hapo mambo yalitoka mojamoja, kama nati za gurudumu lisilokazwa. Karakana mpya zikafunguliwa barabara kuu, zenye mashine za kupima gari bila kuchafua shati, madereva wakahamia huko. Watoto wakaoa na kuolewa. Binti yao mkubwa, aliyeolewa mji uleule aliokwenda Koromeo, akajifungua, na mama yake akafunga begi: "Naenda mara moja." Mara moja hiyo ikaota mizizi. Kila Grisi akipiga simu, mkewe alikuwa anasema mtoto bado mdogo. Mtoto yule kwa hesabu ya Grisi alikuwa sasa anakimbia.

Kuna jioni mbili, kwa nyakati tofauti, Grisi alimeza kiburi akampigia Koromeo. Simu ilipokelewa. Akasema, "Haloo, shemeji." Upande wa pili akasikia pumzi tu. Pumzi nzito, ya mtu aliye karibu kabisa na simu. Kisha ikakatwa. Mara ya pili vilevile. Grisi akaiweka simu mezani akaiambia, "Haya. Kama ni kununa, mimi pia najua."

Basi ndiye huyo, amelala chini ya Fahali, anatafuta mguu.

Kwanza alitumia kijiti. Alikata ubao, akaukaza kati ya kiti na pedali, ukabana vizuri. Akaingia chini, akashika spana, na mdomo wake ukasema wenyewe:

"Shika!"

Akasubiri.

Hebu fikiria, mtu mzima amelala chali chini ya gari, anasubiri ubao umjibu. Lakini mkono wake ulikataa kuzungusha spana. Miaka yote ile haukuwahi kufungua skrubu kabla masikio hayajasikia "Nimeshika". Alisikia inzi. Alisikia bomba la jirani likidondosha maji kwenye ndoo. Mwisho akajitukana kidogo, akafungua. Pedali ikazama, ubao ukateleza ukaanguka, pedali ikaruka juu, na upepo ukaingia fwii. Akatoka, akaupanga ubao tena, akaingia, ukaanguka tena. Hivyo hivyo, ndani, nje, ndani, nje, mpaka mgongo wa shati ukawa ramani.

"Fundi, unagombana na nani huko chini?" Alikuwa mama mwenye cherehani, amesimama getini na futi ya kitambaa shingoni.

"Na kijiti."

"Na kinakushinda?"

"Nahitaji mguu, dada yangu. Mguu tu."

"Mguu? Huu wangu umeendesha cherehani toka sijaota matiti. Sogea."

Akavua ndala, akakusanya gauni, akaketi kwenye kiti alichokishona mwenyewe, akakipapasa kwanza kwa majivuno. Grisi akaingia chini.

"Shika!"

Ta-ta-ta-ta-ta-ta! Pedali ikaanza kucheza. "Nimeshika, nimeshika, nimeshika!"

"Shika ubaki umeshika! Hushoni pindo!"

"Si umesema nikanyage?"

"Mara moja! Achia! Aa, usiachie!"

"Amua basi, Fundi!"

Grisi akatoka akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Ndani mlikuwa na povu mpaka juu. "Umenipikia sabuni," akasema.

"Kwa mwendo ule gauni lingekuwa limeshakwisha," akajibu yule mama bila haya. "Sasa tunafanyaje?"

"Tunangoja yatulie."

Wakaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Na mama mwenye cherehani akikaa kusubiri, kimya si sehemu ya mpango.

"Lakini mwenye mguu wake si yupo?"

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto. Koromeo."

"Yule hataki kusema na mimi. Nimempigia. Anapokea, ananipumulia, anakata."

Yule mama akanyamaza. Sasa, mtaani pale mama yule kunyamaza ilikuwa habari peke yake. Grisi akageuka kumtazama.

"Fundi, hivi kweli hujui?"

"Nijue nini?"

"Mimi nilidhani unajua, unajikaza kiume tu." Akaivua futi shingoni, akaanza kuikunja. "Nilipokwenda kuchukua vitambaa kule, nikamwona sokoni, yuko na mkeo. Kajifunga kitambaa shingoni, na jua lile. Nikamwita. Akanipungia mkono. Nikasema, ee, leo Koromeo ananipungia mkono? Badala ya kunitangaza soko zima? Mkeo ndiye akanivuta pembeni. Walimkuta na uvimbe, Fundi. Wamemkata koo, wametoa mashine yote ya sauti. Anapumulia tundu, hapa." Akaweka kidole chini ya shingo yake mwenyewe. "Mkeo akaniapisha nisije nikaropoka huku. Na wewe unanijua. Jambo hili limenivimbisha tumbo mpaka leo."

Povu lilikuwa linatulia kwenye kikopo, tone kwa tone. Grisi alilitazama kana kwamba ndilo lililokuwa linazungumza.

Mama alipoitwa na mteja wake akaondoka, Grisi alimpigia mkewe. Nyuma ya sauti ya mkewe kulikuwa na mtoto anayelia, kifuniko cha sufuria, redio, watu. Nyumba imejaa huko.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe hakuuliza nini. Alitoka alipokuwa, maana kelele zilipungua, mlango ukafungwa.

"Ulisema jina lake lisitajwe nyumbani mwako," akasema taratibu, bila hasira. "Nikaona nitoke nyumbani mwako, nipate pa kulitaja. Alikuwa hana wa kumwosha kidonda, baba watoto. Ndugu yangu huyu."

"Na nilipompigia?"

"Alikuwa anapokea akusikie. Anafungua mdomo kabisa. Halafu anakumbuka."

Grisi alikuwa na mengi ya kusema. Yalipanga foleni yote kooni, kila moja linasukuma jingine, na lililofaulu kutoka halikuwa miongoni mwao.

"Mwambie Fahali hana breki."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ataelewa."

*

Siku aliyoambiwa Koromeo atakuja, alifagia uani toka asubuhi. Akatoa viti, akavipanga, akaona ni vingi mno, akarudisha vyote vikabaki viwili. Akapanga na maneno: kwanza atasema hili, kisha lile, lile la ng'ombe ataliomba radhi katikati ili lisikae peke yake. Kisha akajipa kazi ya kufuta kioo kilichokwisha kufutwa, sikio lake likiwa kule kwenye kona.

Sikio halikumsaidia. Alipogeuka kusuuza tambara, Koromeo alikuwa amesimama getini, na kwa jinsi alivyoegemea nguzo, alikuwa pale kitambo. Amekonda. Kitambaa cheupe shingoni, kimefungwa kwa ustadi wa mkono anaoujua Grisi, mkono wa mkewe. Pumzi ilikuwa inatoka chini ya kitambaa kile na kamluzi kembamba, kama pampu ya baiskeli.

Maneno yote yaliyopangwa yakamtoroka Grisi. Palepale kichwani likabaki la utani, maana shemeji ni shemeji.

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kushinda ubishi na wewe."

Koromeo akamwonyesha ngumi. Kisha mabega yakaanza kucheza, na uso ukakunjuka wote, meno nje, macho yamefumba. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha zamani chote kamili, na hakikutoa mlio wowote. Grisi alitazama akaona heri angelia.

Koromeo akalizunguka Fahali polepole. Akapitisha kiganja kwenye boneti yote, toka kwenye kioo mpaka puani. Akachungulia sakafu mpya, akaigonga, akainua kidole gumba. Basi la kurudi lilikuwa mchana uleule. Kesho yake alikuwa na zamu ya kwenda kuonwa na daktari. Akatazama saa, akavua viatu, akaingia, akakisukuma kiti nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu, akaweka mguu kwenye pedali.

Grisi akajilaza chini. Alikuwa ameshasahau kwamba hawakupatana namna ya kujibiana. Mdomo ukasema wenyewe:

"Shika!"

Kimya. Inzi. Bomba la jirani. Akajiona mjinga vilevile kama siku ya ubao. Hapo juu yake, kwenye bati la mlango, kukagongwa.

Ko.

Mkono ukazunguka wenyewe. Mafuta yakatoka, upepo nao, viputo vinakimbizana kwenye mpira mwembamba mpaka chupani. Akafunga. "Achia!"

Ko, ko.

"Shika!"

Ko.

Gurudumu la nyuma, la upande wa pili, la mbele, la mwisho. Hawakukosea hata mara moja. Grisi alikuwa anaongea mfululizo huko chini, akijaza mahali pa watu wawili: ooh, skrubu hii imekaza kama mdomo wa mkwe, ooh, mama mwenye cherehani nusura anishonee breki. Na pale katikati, kati ya "Achia" na "Shika", bila kubadilisha sauti, akasema, "Lile neno la ng'ombe lilikuwa la kipumbavu, shemeji. Nililisema kwa ajili ya watu, na watu wenyewe wako wapi?"

Kisha, ko.

Alipotoka chini akipangusa mikono, alikwenda moja kwa moja mlango wa dereva, mahali ambapo miaka yote alikuwa akijiona anakaa. Koromeo akashika kitasa ili ashuke. Grisi akausukuma mlango kwa nyonga, ukafunga.

"Usishuke."

Koromeo akamtazama.

"Nimesema usishuke. Wewe vipi?" Akampa ufunguo kupitia dirishani, akazunguka pua yote ndefu ya Fahali, akaingia upande wa abiria. Hakuwahi kukaa upande ule. Kila kitu alichokifanya kwa mikono yake kilikuwa kinaonekana kigeni kidogo kutokea pale.

Fahali akanguruma. Wakatoka getini. Mama mwenye cherehani akakimbia nje na sindano mdomoni, akapiga vigelegele kwa meno yaliyobana. Watu wachache wakatoka milangoni. Wengi wao walikuwa wapangaji wapya, hawakujua wanashangilia nini. Walipofika kwenye kona, pale ambapo zamani kicheko kilikuwa kinaanzia, Koromeo akakanyaga moto. Silinda nane zikapiga kelele, vioo vya duka vikatetemeka, mbwa wakakimbia. Grisi akashika dashibodi akacheka mpaka akakohoa. Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amekaza macho mbele, machozi yanateremka taratibu, mikono imeshika usukani vizuri kabisa.

Hawakuwa na pa kwenda zaidi ya stendi, kwa kuwa saa ilikuwa imefika. Huko watu waliwazunguka, wakapiga picha, wakauliza maswali ambayo Koromeo, siku zake, angeyajibu mpaka basi limwache. Utingo alikuwa anapiga mlango wa basi. Grisi akabeba mfuko wa shemeji yake, ambao haukuwa na uzito wa kubebwa na mtu mwingine.

"Utarudi?"

Koromeo akageuza viganja juu: nani ajuaye. Kisha, akiwa ngazini, akageuka akasema jambo. Mdomo ulisema sentensi nzima, na nyusi, na mkono. Grisi hakuelewa hata neno. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, kama mtu aliyeelewa, na basi likaondoka, na hapo ndipo alipotamani kulisimamisha aseme, rudia, sikushika.

Akarudi kwenye Fahali. Watu walikuwa wameshatawanyika. Akaketi kwenye kiti cha dereva na mgongo wake ukakikosa kiti, maana kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu. Mkono wake ulikwenda chini kukivuta mbele. Ukakigusa kishikio, ukakiacha. Akakaa ukingoni, kama mgeni, vidole vya mguu ndivyo vinavyofika.

Akaendesha hivyo. Lilikuwa gari zuri. Lilikuwa gari zuri kuliko alivyowahi kusimulia. Alifungua mdomo mara mbili tatu kumwambia mtu.

Kwenye taa za barabarani, taa ikawa nyekundu, akakanyaga. Pedali ikapokea nusu ya njia, ngumu kama jiwe, haina hata tone la upepo. Fahali akasimama pale pale, pua imenyooka kwenye mstari.

"Nimeshika," akasema Grisi.

Taa ikageuka kijani. Gari la nyuma likapiga honi, likapiga tena. Alisikia. Lakini mguu wake ulibaki pale chini, umekaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia aachie.